Mwaka Nilioshiba

Jumamosi ile ya kumuaga Senje, Mchungaji aliniletea kipaza sauti mbele ya watu wote katika kanisa letu la mtaa wa Kongo, hapa Nairobi, akasema sasa tutamsikia kijana wa meli. Nina miaka arobaini na saba, nina mvi kidevuni na magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, lakini ndani ya kanisa lile la mabati nitabaki kijana wa meli mpaka siku na mimi nitakapolazwa pale mbele. Senje alikuwa shangazi yangu, maana ndivyo tunavyomwita dada ya baba huko kwetu magharibi, na kwa miaka zaidi ya ishirini kanisa limekuwa likisimulia jinsi alivyofunga kula kwa ajili yangu nilipokuwa baharini, mawimbi yakipanda juu ya meli, hadi Mungu akanirudisha mzima. Watoto waliozaliwa juzi wanaijua habari hiyo. Nilishika kipaza sauti, nikafungua mdomo, kisha nikakirudisha na kuketi. Akina mama wakaangua kilio wakidhani uchungu umenizidi. Ulikuwa umenizidi kweli, lakini haukuwa uchungu waliofikiria. Hakukuwa na dhoruba. Niliitunga mwenyewe, na nilipojua kwamba kuna mtu anakaa njaa kwa sababu yake, sikuifuta. Nikaendelea kula.

Chumba cha Senje kilikuwa mtaa wa Kabiro, katika ploti ya milango kumi na miwili na mfereji mmoja. Sitaeleza nilivyofika kukaa kwake. Ni habari ndefu, na baadhi ya wahusika hawapo tena wa kujitetea. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maua katikati, kitanda chake upande wa ndani, godoro langu upande wa mlango chini ya rafu ya masufuria. Senje alikuwa akiwapikia watu wa mjengo, mafundi na vibarua wa ujenzi. Aliamka kabla ya jogoo, akapita juu ya miguu yangu na taa ya mafuta, na nilipofungua macho unga ulikuwa umeshakandwa na maharagwe yanachemka. Alikuwa mpishi wa kuonja. Kila sufuria aliichota kidogo kwa mwiko, akadondosha kwenye kiganja, akalamba, akaangalia dari kama mtu anayekumbuka jina, ndipo akaongeza chumvi. Sijawahi kula chakula chake kikakosa kitu.

Mimi nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja mjini. Nikirudi jioni, jirani wa kulia alikuwa amefungua redio ya injili, wa kushoto redio ya mpira, na nyuma ya ukuta fundi wa milango ya chuma alikuwa bado anagonga. Kila mtu alikuwa na la kuniambia. Enosi, shika mtoto. Enosi, hebu soma hii barua ya shule. Enosi, panda juu uangalie mabati inavuja wapi. Niliwapenda watu hao, na nilikuwa nimechoka nao kiasi kwamba siku nyingine niliingia chooni, choo cha ploti, nikafunga mlango na kusimama tu humo ndani bila haja yoyote, mpaka mtu agonge. Nikisema nilitafuta kazi ya meli ili kuwasaidia wa nyumbani, nitakuwa nimesema nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka mlango ambao hakuna atakayeugonga.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopanda meli ile ya watalii, nyeupe, kubwa kuliko ploti zote za Kabiro zikipangwa juu kwa juu. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, kisicho na dirisha. Kazi yangu ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine ya kupiga pasi, na mwenzangu Rodel, Mfilipino mfupi aliyesema maneno kama kumi kwa siku, aliyapokea upande wa pili na kuyakunja. Joto lilikuwa la kutosha kuchemsha chai. Lakini mashine zote zilikuwa na mvumo mmoja usiobadilika, na baada ya wiki moja niligundua kwamba ndani ya mvumo ule mimi sifikirii chochote. Kitanda changu kilikuwa cha juu, na kilikuwa na pazia. Nilipolivuta, nilikuwa na nafasi ya urefu wangu na upana wa mabega yangu, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kulifungua. Nililala. Nililala kama mtoto aliyenyonya, saa saba bila kugeuka, na nilipoamka nilikuwa nimelala upande uleule niliolalia.

Na chakula! Tulikula mara nne, tano ukitaka. Mayai, viazi, nyama ya ng'ombe na ya kuku siku moja, wali wa Wafilipino, keki zilizobaki kwa wageni. Saa kumi alasiri tulikuwa na mapumziko, na mimi nilibeba sahani yangu hadi nyuma ya meli, sehemu ya wafanyakazi, nikakaa juu ya sanduku la maboya na kutazama maji yakirudi nyuma. Sikuwa nikitazama kitu. Ndiyo raha niliyokuwa naipata, kutotazama kitu, tumbo limejaa, na hakuna anayeniita. Mwezi wa pili nilijishika naimba. Mwezi wa tatu nilielewa kwamba hili jambo ndilo watu huita amani, na nikaona aibu, kwa sababu niliipata mbali na watu wote walionipenda.

Aibu hiyo ndiyo iliyotunga dhoruba. Tulipotia nanga mwezi huo nilinunua kadi, nikampigia Senje kwenye simu yake ndogo iliyofungwa kwa mpira. Nilisikia mafuta ya chapati yakichachatika nyuma ya sauti yake.

"Enosi! Ni wewe? Bahari iko aje?"

Nilitaka kusema iko sawa. Kisha nikaona chumba kile, taa, unga mikononi mwake, na nikashindwa kumwambia mtu aliyesimama juu ya moto tangu alfajiri kwamba mimi ninalala na kushiba na kuimba. "Bahari ni mbaya, Senje," nikasema. "Mawimbi yanakuja mpaka juu."

"Uwi! Juu wapi?"

"Juu ya meli."

"Na mnashika nini?"

"Tunashika chochote."

Akaanza kuniombea palepale, kwa lugha ya nyumbani, mpaka kadi ikaisha. Sina la kujitetea kuhusu yaliyofuata, kwa sababu niliona faida yake. Mtu aliye hatarini haulizwi maswali mengi. Haombwi chochote, halaumiwi kwa kutopiga simu. Bandari iliyofuata niliongeza upepo. Siku moja meli ilitikisika kidogo, sahani mbili zikateleza kutoka mezani na Rodel akazidaka akicheka, nami niliposimulia nyumbani, sahani zile zikawa watu. Nilisema baharini hakuna mtandao, kwamba tukiwa majini hata kuongea haturuhusiwi kwa hofu. Ploti nzima ilikuwa ikikusanyika kusikiliza. Na mimi nikirudi melini baada ya simu kama hiyo nilikuwa mwepesi, nimepata wiki mbili za kutoguswa.

Mwezi wa sita nilipiga simu saa nane mchana kwa saa za Nairobi, siku ya Ijumaa. Senje alikuwa mjengo. Alisema, "Ngoja nigeuze hii isiungue," akaiweka simu chini bila kuikata, na nikabaki nikisikiliza mambo yasiyonihusu: mwiko, mtu akidai supu, na Mama Sheila, jirani yetu wa mlango wa nne aliyekuwa akimsaidia kuosha sahani.

"Mama, kunywa hata chai basi. Saa nane saa hii, na hii jua."

"Wacha. Jua ikizama nitakunywa."

"Kila Jumatano, kila Ijumaa, mpaka lini? Hata maji hutaki!"

"Mpaka mtoto atoke kwa maji. Niliahidi."

"Na ukianguka?"

"Nianguke. Mimi nikianguka naanguka kwa udongo. Yeye akianguka ataangukia wapi?"

Kisha akaichukua simu. "Enosi, uko?"

"Niko, Senje." Nilikuwa nimeshika chupa ya soda, na nakumbuka niliiweka chini taratibu kana kwamba angeisikia. "Unakula vizuri?"

"Nakula sana! Mpaka nimenona. Na wewe?"

"Kidogo kidogo," nikasema.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache: Senje, kula, bahari imetulia. Hata uongo mwingine ungetosha, ningesema dhoruba imekwisha. Sikusema, kwa kuwa niliogopa kwamba akijua niko salama atanitaka nyumbani kwa moyo wake wote, na nyumbani ndiko sikutaka kwenda. Nilirudi melini nikajiambia kwamba kufunga ni jambo lake na Mungu wake. Saa kumi nilichukua sahani yangu nikaenda nyuma ya meli. Ilikuwa Ijumaa, kulikuwa na samaki wa kukaanga na viazi, na ninasema wazi kwamba nilimaliza.

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi tisa. Ulipokaribia mwisho, msimamizi alikuja na karatasi: anayetaka kuongeza mitatu atie sahihi. Rodel hakuitazama hata. Alikuwa na mabinti wawili na alishafunga sanduku lake wiki nzima kabla. Aliniona nikichukua kalamu.

"Huna mtu anayekungoja?" akaniuliza, na hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya maneno yake ya siku hiyo.

"Yuko," nikamjibu. "Anaweza kungoja."

Nilitia sahihi nikiwa nimeegemea rundo la mashuka safi. Senje nilimwambia wametukatalia kushuka, bahari imechafuka, manahodha wanasema tusubiri. Alisema, "Ni sawa, baba. Sisi tuko." Miezi mitatu. Nikihesabu Jumatano na Ijumaa zote, napata siku ishirini na sita ambazo si za uongo wa mtu aliyeteleza ulimi. Hizo nilizijua. Ningependa kusema kwamba sikulala tena vizuri, kwamba dhamiri ilinisumbua. Kwa kweli nililala. Ndilo jambo linalonitisha hadi leo, kwamba amani ile haikuharibika.

Niliposhuka na kufika Kabiro, mtu wa kwanza kutoka mlangoni alikuwa Senje, na sikumtambua mara moja. Kanga ilimzunguka mara mbili. Mkono wa kushoto, toka kiwiko hadi kiganja, ulikuwa na ngozi mpya ya rangi ya waridi. Mama Sheila alinieleza tukiwa bado uani: Ijumaa moja kizunguzungu kilimshika akiwa juu ya sufuria ya maharagwe, akaanguka, mkono ukatumbukia ndani. Nilipouliza ni lini, akataja mwezi. Ulikuwa mwezi wa pili wa ile mitatu.

Siku hiyohiyo alichinja kuku. Alikuwa amemfuga chini ya kitanda tangu nilipoondoka, kwa kazi hiyo tu. Mchungaji alikuja, majirani wakajaa mpaka mlangoni, na Senje akanipakulia mbele ya wote ugali wa wimbi na juu yake akaweka imondo, ile firigisi ya kuku ambayo kwetu hupewa mwanamume wa kuheshimiwa, na mwanamke haigusi. Ahadi yake ilikuwa kwamba mimi nile kwanza, kisha yeye. Kila mtu alinitazama. Nilimega ugali, nikaiweka imondo mdomoni, nikajaribu kuimeza. Sikuweza. Walipoinamisha vichwa kwa maombi niliitoa nikaificha chini ya mfupa wa paja, nikaifunika na kipande cha ugali. Nilisema tumbo limezoea chakula cha meli. Watu wakacheka, Senje akacheka pia, na akala. Nilimwona akilamba vidole, na nikatamani ardhi ipasuke.

Baadaye Mama Sheila, ambaye hawezi kukaa na habari ya kuchekesha, alinisimulia jinsi watu wa mjengo walivyoteseka mwaka ule. Jumatano na Ijumaa Senje hakuonja. Alikisia chumvi kwa macho. "Siku ingine ni maji tupu, siku ingine ni bahari yenyewe," alisema akipiga paja. "Mafundi walikuwa wanaita chakula ya hospitali! Wengine wakaanza kwenda kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara hizo siku mbili." Nilicheka naye. Nilicheka mpaka ikabidi nitoke nje. Mpishi yule, aliyekuwa akiangalia dari kabla ya kuongeza chembe moja, alikuwa amewalisha watu chakula kibaya karibu mwaka mzima, kwa kujua, na kusikia wakikisema vibaya, kwa ajili ya upepo nilioutoa kichwani.

Sikurudi baharini. Watu wanadhani ni kwa sababu ya woga, na sijawasahihisha. Nina duka la kufulia nguo Olympic, upande wa Kibera, mashine nne. Zikizunguka zote kwa pamoja huwa napata kidogo ule mvumo, na kuna siku nakaa katikati yake kama zamani, na kuna siku nafungua milango yote ili kelele ya barabarani iingie. Kila mwaka kanisani nilisimamishwa. Senje aliinua mkono wenye kovu, Mchungaji akauliza, "Ni nani alituliza bahari?" nami nikasimama pale nikiwa ushahidi. Mara nyingi nilikwenda kwake nimeamua kusema. Alinitilia kikombe cha chai mkononi kabla sijaketi, na nikaongea habari za mvua.

Mwaka huu alipolemewa na ugonjwa, nilikuwa nikivuka kwenda Kabiro kila alasiri. Ploti ni ileile, mfereji sasa ni miwili. Alikuwa amekataa chakula karibu wiki nzima, na siku moja akasema ana hamu ya kuku. Nikanunua. Mama Sheila alitoka kuanika nguo, nikabaki nikimkatakata kuku kwenye karai, mgongo wangu ukiwa kwake. Nadhani ni mgongo ndio ulionipa ujasiri. Nilimwambia yote bila kugeuka: vitanda vyenye pazia, sahani nne kwa siku, simu ya Ijumaa niliyomsikia na Mama Sheila, karatasi ya miezi mitatu. Nilipomaliza, maji ya karai yalikuwa mekundu na mikono yangu ilikuwa imesimama.

"Kwa hivyo hakukuwa na mawimbi," akasema.

"Yalikuwa madogo, Senje. Ya kawaida."

"Na ile siku nilianguka?"

"Sijui nilikuwa nafanya nini. Pengine nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa unalala?"

"Sana. Nililala vizuri sana."

Aligeukia ukuta. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira. Niliweka sufuria motoni kwa sababu sikujua la kufanya na mikono, nikakaa kwenye kigoda, nikalia polepole. Kuku alikuwa karibu kuiva aliposema tena, bado anatazama ukuta.

"Ile imondo. Uliificha chini ya mfupa."

Nikafunika sufuria.

"Nilipata nikiosha sahani. Miaka hii yote najiuliza nilikosea wapi. Nikasema, labda nilifunga mpaka mkono wangu ukaharibika. Labda mtoto amekula chakula ya wazungu, yangu inamtapisha. Hata hujawahi kuniambia, 'Senje, chakula yako ni tamu,' kama zamani."

Sikuwahi. Alikuwa amesema kweli. Tangu siku ile, kila nilipokula kwake nilikula nikitazama chini na kusema asante, nikiwa nimebeba hatia yangu kama yai, nisijue kwamba na yeye alikuwa ameketi upande wa pili wa meza na jeraha lake. Nilisema kilikuwa kitamu. Nilisema kilikuwa kitamu siku zote, kwamba kilinikaa kooni kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili yake. Alinisikiliza bila kutikisa kichwa.

Nilimwinua, nikamwegemeza kwenye mto. Nikapakua. Kwenye sahani niliweka imondo, nikaikata vipande vidogo, nikamsogezea kimoja mdomoni.

"Mimi ni mwanamke," akasema.

"Kula, Senje."

Aliniangalia kwa macho yale yenye ukungu, kisha akafungua mdomo. Imondo ni ngumu na meno yake yalikuwa yamebaki machache. Alitafuna upande mmoja, akahamishia wa pili. Nikashindwa kuvumilia.

"Senje, umenisamehe?"

Aliinua kidole nisubiri, anatafuna. Akameza. Akaangalia dari, muda ule ule aliokuwa akiuchukua zamani na mwiko mkononi.

"Haina chumvi," akasema, na akafungua mdomo nimwekee kipande kingine.